Utulivu na Huruma: Aina za Taamuli na Taathira Zake katika Nafsi

Shughuli ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ya watawa wa milimani, masufi wa zawiya na mayogi wa India imeingia sasa katika hospitali, madarasa, ofisi na simu za mkononi, na kila mahali ilipoingia imevikwa sifa mpya: kwamba huondoa wasiwasi, huponya sonona, huleta usingizi, hunoa akili, na juu ya yote humfanya mtu awe mwema kwa wenzake. Kwa upande wa pili wako wanaoiona kuwa ni ibada ya kigeni iliyofichwa ndani ya vazi la tiba, na wako wengine, aghalabu watu wa sayansi, wasemao kwamba haina lolote zaidi ya kumpumzisha mtu aliyechoka. Msikilizaji aliye katikati ya kelele hizi hana budi kuchanganyikiwa, na kosa si lake, maana wasemaji wenyewe mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja. Taamuli, au meditesheni kama wengi waitavyo, ni jina la mazoezi mengi yaliyo tofauti kwa namna, kwa nia na kwa matokeo, na maadamu tofauti hizo hazikubainishwa, swali la kama taamuli inafaa au haifai haliwezi kupata jibu la kweli.

Makala haya yana nia ya kubainisha tofauti hizo, kisha kuzipima hoja za kila upande, hasa juu ya swali ambalo nionavyo ndilo zito kuliko yote, yaani kama utulivu wa nafsi ya mtu mmoja huzaa huruma kwa mwingine.

Jina moja, kazi mbalimbali

Aina ya kwanza ni ile ya kukariri neno. Mhindi Maharishi Mahesh Yogi ndiye aliyeieneza Ulaya na Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na sifa yake ilipaa mwaka 1968 wanamuziki wa Beatles walipokwenda kukaa kwake Rishikesh, kando ya mto Ganges. Mwenye kuifanya huketi mara mbili kwa siku, takriban dakika ishirini kila mara, akafumba macho na kulirudia kimoyomoyo neno alilopewa. Daktari Herbert Benson wa Harvard aliwapima watu wa namna hii akaona mapigo ya moyo yakipungua na mwili ukitumia hewa kidogo kuliko kawaida, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 alishikilia kwamba hali hiyo ya mwili kutulia haihitaji neno la siri wala fundi wa kulitoa, bali neno lolote lenye maana kwa mtu, hata la sala yake mwenyewe, laweza kuileta.

Aina ya pili ni taamuli ya uangalifu, ambayo leo ndiyo mashuhuri kuliko zote. Asili yake ni dini ya Buddha, walakin umbo lake la hospitali lilitengenezwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo tiba ya kawaida ilishindwa kuyaondoa. Mafunzo yake huchukua wiki nane. Katika somo la kwanza mwanafunzi hupewa zabibu kavu moja, akaambiwa aitazame mikunjo yake, ainuse, aiweke ulimini bila ya kuitafuna, kisha aitafune polepole akifuatilia ladha mpaka itakapokwisha. Baadaye hufundishwa kulala chali na kuupitisha usikivu wake mwilini tangu vidole vya miguu hadi utosini, na kukaa akifuata pumzi yake, na wazo linapomchukua hulitambua na kurudi bila ya kujilaumu. Hapana kinachoombwa wala kinachofukuzwa. Kinachofunzwa ni kuliona jambo lililopo kama lilivyo.

Aina ya tatu ni taamuli ya rehema, nayo pia ni ya Kibuddha. Hapa mtu hachungulii pumzi, bali hukusudia kwa moyo kheri ya mtu fulani: huanza na nafsi yake au mtu ampendaye, akaendelea kwa rafiki, kisha kwa mtu asiyemjua, kisha kwa yule waliyegombana, mpaka wote wenye uhai waingie katika dua hiyo. Aina ya nne, ambayo haijulikani sana nje ya vyuo, ni ile ya kuyatazama mawazo yenyewe na kujizoeza kuliona jambo kwa jicho la mtu mwingine.

Mwambao wetu na bara yake si wageni wa mambo haya. Dhikri za Qadiriya, ambazo Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa waliozieneza hadi Unguja, hujumuisha pumzi, sauti na mwendo wa mwili katika halaiki. Na watawa Wabenedikti wa Peramiho na Ndanda wana desturi ya kale ya kuyasoma Maandiko kwa uzito na kuyakalia kimya. Kwa hiyo hoja ya kwamba kutulia na kutafakari ni jambo la kigeni haina nguvu, ijapokuwa muumini ana haki kamili ya kuuliza zoezi analopewa limetoka katika itikadi gani, na mwalimu mwaminifu hatalificha jibu.

Ithibati za wanaoisifu

Ithibati iliyo thabiti kuliko zote imetoka katika tiba ya sonona inayorudi. Wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Kanada pamoja na Mark Williams na John Teasdale wa Uingereza, walitaka kujua kwa nini mtu aliyekwisha pona huanguka tena. Waliona kwamba kwa aliyewahi kuugua mara kadhaa, huzuni ndogo ya siku moja, ambayo kwa mwingine ingepita kama mvua ya rasharasha, huamsha msafara mzima wa mawazo ya zamani ya kujidharau, na jinsi anavyozidi kuyafikiri ili ayashinde ndivyo yanavyozidi kumzamisha. Basi wakachukua mazoezi ya Worcester wakayaunganisha na tiba ya mazungumzo, ili mgonjwa ajifunze kulitambua wazo kuwa ni wazo tu, wala si hukumu juu yake. Katika jaribio lao la mwaka 2000, miongoni mwa watu waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, walioanguka tena ndani ya takriban mwaka mmoja walikuwa 37 kwa mia waliopata mafunzo, ilhali wasioyapata walikuwa 66 kwa mia. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2016, uliokusanya majaribio tisa na wagonjwa 1,258, ulitoa tofauti ndogo kuliko hiyo lakini ya kuaminika, 38 dhidi ya 49 kwa mia.

Juu ya wasiwasi nako kuna habari njema. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani ambamo watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa dawa iitwayo escitalopram na nusu wakafundishwa taamuli ya uangalifu kwa wiki nane, na makundi yote mawili yakapata nafuu iliyokaribiana. Nguvu ya hoja hii ni kwamba taamuli ilipimwa mbele ya tiba halisi, wala si mbele ya watu waliokaa bure wakisubiri zamu yao.

Hoja za wenye shaka

Wenye shaka hawakosi haki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliyapitia maandishi zaidi ya elfu kumi na nane, na katika hayo yote wakapata majaribio 47 tu yaliyostahili kuhesabiwa, yenye watu 3,515. Hukumu yao ilikuwa ya wastani: mafunzo ya uangalifu hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha kati, walakin hapana ushahidi kwamba yanashinda tiba nyingine za kweli kama vile dawa au mazoezi ya viungo. Kuhusu kukariri neno walisema ushahidi ulikuwa haba mno.

Sababu ya sifa kuizidi haki ni nyepesi kufahamika. Anayejiandikisha kwa hiari katika mafunzo amekwisha yaamini nusu. Hukutana kila wiki na mwalimu mpole na wenzake wenye taabu kama yake. Naye haiwezekani afichwe kwamba yeye ndiye anayefundishwa, kama afichwavyo mgonjwa aliyepewa kidonge kisicho na dawa. Akipimwa mbele ya mtu aliyeachwa peke yake nyumbani, ni taabu kutenganisha faida ya taamuli na faida ya kuwa na watu. Fauka ya hayo, habari zilizopigiwa mbiu, mathalani ile ya mwaka 2011 kwamba wiki nane za mazoezi hubadili maumbile ya sehemu fulani za ubongo, hazikusimama zilipojaribiwa upya kwa watu wengi zaidi na kwa uangalifu zaidi, kama ilivyobainika mwaka 2022.

Mwaka huohuo wa 2022 yalitoka pia matokeo ya jaribio kubwa la shule za Uingereza, lililohusisha wanafunzi zaidi ya elfu nane wenye umri wa miaka 11 hadi 13. Walimu walifunzwa, nao wakawafunza watoto, na mwishowe watoto hao hawakuwa na afya ya nafsi iliyo bora kuliko wenzao walioendelea na masomo ya kawaida. Wengi wao hawakuyafanya mazoezi nyumbani. Nionavyo, hilo si la kushangaza: kijana ambaye hakuomba dawa na haoni ugonjwa hana sababu ya kuimeza, na zoezi lililozaliwa kwa watu wazima wenye maumivu haliwezi kugawiwa darasa zima kwa mkupuo kama chanjo.

Je, utulivu huzaa huruma?

Hapa ndipo kadhia inapokuwa nzito, kwa kuwa madai ya kwamba taamuli humfanya mtu mwema yanarudiwa kila mahali kana kwamba hayahitaji ushahidi. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Boston, likatangazwa mwaka 2013. Watu 39 walichaguliwa, baadhi wakafunzwa taamuli kwa wiki nane, wengine wakasubiri. Kisha kila mmoja aliitwa maabara, akadhani anakwenda kupimwa akili. Akaketi katika chumba cha kungojea chenye viti vitatu, viwili vimekwisha kaliwa na watu ambao, bila ya yeye kujua, walikuwa wametumwa na watafiti. Mara akaingia mwanamke anayetembea kwa magongo, mguu wake umefungwa, akaguna kwa maumivu, akaegemea ukuta. Wale wawili waliotumwa hawakumjali. Mmoja alikuwa na simu, mwingine na kitabu. Katika wale wasiofunzwa, 16 kwa mia tu waliinuka wakampa kiti. Katika waliofunzwa, nusu. Matokeo hayo ni mazuri, tena yamepima kitendo badala ya maneno. Walakin watu 39 ni wachache, na baadhi ya waliofunzwa walikuwa wakizungumzia huruma waziwazi katika masomo yao.

Mwaka 2018 watafiti watatu, miongoni mwao Miguel Farias wa Uingereza, waliyakusanya majaribio ya namna hii wakayapima kwa pamoja. Waliona huruma ikiongezeka kwa kiasi, lakini chuki, ukali na ubaguzi havikupungua. Na jambo la kutia wasiwasi zaidi, ongezeko la huruma lilionekana pale tu mwalimu wa taamuli alipokuwa mmoja wa waandishi wa utafiti. Sina haja ya kuwatuhumu watu hao kwa udanganyifu. Mwalimu anayelipenda somo lake huliambukiza kwa bashasha na matumaini, na mwanafunzi anayempenda mwalimu wake hujibu maswali kama anavyojua mwalimu angefurahi. Lakini kipimo kisichoweza kutenga mapenzi hayo na athari ya zoezi ni kipimo pungufu.

Tafiti mbili za karibuni zimeingia ndani zaidi. Katika ya kwanza, iliyofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2021, watu walipewa zoezi fupi la uangalifu kisha wakaombwa kujitolea kutia barua katika bahasha kwa ajili ya jumuiya ya hisani. Waliojiona kuwa sehemu ya jamaa na watu wao walizidi kujitolea. Waliojiona kuwa wamesimama peke yao walipungua. Zoezi, kwa maneno mengine, halikuweka wema mpya moyoni, bali lilizidisha kile kilichokuwamo. Katika ya pili, ya mwaka 2022, watu walikumbushwa ubaya waliomtendea mwenzao, kisha wakafuata pumzi zao. Majuto yakapoa, na pamoja nayo ikapoa hamu ya kuomba radhi na kulipa. Walipofanyishwa taamuli ya rehema badala ya ile ya pumzi, hamu ya kutengeneza walichokiharibu ikawa kubwa zaidi.

Msomaji na asimame kidogo katika jambo hili, maana ndilo kiini cha makala. Majuto ni maumivu, na taamuli ya pumzi hutuliza maumivu. Haichagui maumivu yapi yalistahili kutulizwa na yapi yalikuwa yakifanya kazi yake halali ya kumrudisha mtu kwa aliyemdhulumu. Mwajiri anayewapa wafanyakazi wake waliochoka dakika kumi za kupumua, pasipo kugusa saa za kazi wala ujira, huenda akapata watumishi watulivu, na utulivu huo ukawa ndio unaochelewesha haki yao.

Funzo la Leipzig

Utafiti uliojaribu kuzitenganisha aina hizi kwa dhati uliongozwa na Tania Singer wa Taasisi ya Max Planck, mjini Leipzig, Ujerumani. Watu wazima wapatao mia tatu, wa Leipzig na Berlin, walishiriki, na wengi wao walipitia mafunzo ya miezi mitatu mitatu: ya kwanza juu ya pumzi na mwili; nyingine juu ya rehema na shukrani; nyingine juu ya kuyatazama mawazo na kushika nafasi ya mwenzake. Waliofuata mtaala mzima walijifunza kwa miezi tisa, na makundi hayakufuata mpangilio mmoja, ili aina moja ilinganishwe na nyingine.

Jambo jipya lilikuwa zoezi la wawili wawili. Katika mafunzo ya rehema, kila siku mwanafunzi aliunganishwa na mwenzake, aghalabu kwa simu. Mmoja alisema kwa dakika tano juu ya jambo la siku hiyo lililomuudhi na jambo alilolishukuru, akieleza jinsi mwili wake ulivyolipokea, mwingine alisikiliza tu, bila ya kujibu, bila ya kushauri, bila ya kumliwaza, kisha wakabadilishana. Katika mafunzo ya kushika nafasi ya mwenzake, msemaji alisimulia tukio kwa sauti ya sehemu moja ya nafsi yake, labda hakimu aliyemo ndani au mtoto mwoga, na msikilizaji alipaswa kukisia ni sehemu ipi iliyokuwa ikisema.

Matokeo hayakuwa sawasawa. Mafunzo ya pumzi yalizidisha usikivu. Mafunzo ya rehema yalizidisha huruma na ukarimu wa vitendo. Mafunzo ya mawazo yalizidisha uwezo wa kufahamu fikira za wengine. Ajabu zaidi ilionekana watu hao walipotiwa katika msongo, yaani kuhutubia na kufanya hesabu za kichwa mbele ya majaji wasiotabasamu. Waliofunzwa pumzi peke yake walisema wamepungukiwa na hofu, lakini kotisoli, homoni ya msongo itolewayo na mwili, haikupungua. Katika waliofunzwa rehema au kushika nafasi ya mwenzao ilipungua hata kufikia asilimia 51. Yaelekea mtu aliyezoea kila siku kufunguka mbele ya mwingine na kutohukumiwa haogopi tena macho ya watu kama zamani.

Singer na wenzake walikuwa wamegundua jambo jingine linalowahusu hasa wauguzi na walezi wote wa wagonjwa. Kuubeba uchungu wa mwenzako kana kwamba ni wako si huruma. Waliofunzwa kufanya hivyo tu walilemewa na huzuni walipotazama picha za video za watu walio katika dhiki. Walipofunzwa baadaye kumtakia heri yule mwenye dhiki, nguvu yao ilirudi, ijapokuwa video zilikuwa za huzuni vilevile.

Utafiti huu nao una kasoro zake. Washiriki walikuwa watu wa hiari, wenye nafasi ya miezi mingi na wasio na maradhi ya nafsi, nao waliishi katika nchi tajiri. Takriban tafiti zote nilizozitaja ni za Ulaya na Marekani, na kama kweli namna mtu anavyojiona mbele ya jamaa zake hugeuza matokeo, basi hesabu za Leipzig haziwezi kuhamishiwa Tanga au Bukavu bila ya kupimwa upya huko.

Madhara yasiyotajwa

Wauzaji wa mafunzo husema kwamba taamuli haina madhara. Sivyo. Willoughby Britton na Jared Lindahl wa Chuo Kikuu cha Brown waliwahoji watu wa Magharibi waliofanya taamuli za Kibuddha kwa kina, na mwaka 2017 wakatangaza orodha ya mambo 59 yaliyowapata, mengine mepesi, mengine ya kutisha: hofu za ghafla, kukosa usingizi, kurudiwa na kumbukumbu za maovu waliyotendewa, kujihisi wametengana na miili yao. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliozijumlisha tafiti nyingi ulikadiria kwamba takriban watu 8 kwa mia hupatwa na dhara la namna fulani, kiasi kisicho mbali na kile cha tiba ya mazungumzo. Hilo si sababu ya kuiharamisha, ila ni sababu ya kumwuliza mtu habari zake kabla ya kumfungia kimya cha siku kumi. Na aliyewahi kudhulumiwa mwili wake asiamrishwe kufumba macho na kuukagua kiungo kwa kiungo pasipo mtu mjuzi wa kumsimamia.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona wanaoisifu wana haki katika eneo dogo kuliko walidhanivyo. Mwenye sonona inayorudi ana sababu njema ya kujifunza uangalifu kwa mwalimu aliyehitimu, pasipo kuacha dawa zake ila kwa shauri la daktari. Mwenye wasiwasi naye atafaidika, ingawa kutembea kila alfajiri huenda kukamfaa kadiri hiyohiyo kwa gharama ndogo. Mwenye kutafuta tulizo la mwili tu hana haja ya kulipia neno la siri.

Ama huruma, ushahidi unaelekea upande mmoja: haiji yenyewe kwa kufuata pumzi, hufunzwa kwa kukusudiwa, na hufunzwa vema zaidi mtu anapokuwa na mwenzake wa kusikilizana naye. Shule, hospitali au kampuni isemayo kwamba inataka watu wenye huruma, kisha ikawapa programu ya kupumua peke yao, imenunua kitu kingine.

Basi nawasihi wote wanaotangaziwa mafunzo haya waulize mambo matatu kabla ya kujiandikisha: ni aina gani ya taamuli itakayofundishwa, kama imepimwa kwa watu wenye haja kama yao, na nani atakayewaangalia wakipatwa na taabu katikati ya mafunzo. Mwalimu asiyeweza kuyajibu yote matatu asipewe fedha wala nafsi ya mtu.